Wino Mwekundu wa Mgombea Mwenza

Jumapili, 3 Agosti

Leo ni miaka thelathini na sita na siku ishirini tangu niondoke nyumbani. Nahesabu kila Jumapili, kama wengine wanavyojipima uzito. Kwa kawaida nahesabu, naandika, nafunga daftari. Leo halifungiki.

Daktari ametangaza mgombea mwenza wake.

Tulikuwa sebuleni, mimi na binti yangu, simu yake imeegemezwa kwenye birika ili tuone wote wawili. Alikuwa amevaa fulana ya kampeni juu ya sare ya unesi. Zamu yake ilikuwa saa nane. Daktari alisimama jukwaani na miwani yake ileile, na sauti ileile ya kumweleza mgonjwa hali yake bila kumtisha. Miaka minane mwanamke huyu ametuahidi: akiapishwa, sheria ya kwanza atakayopeleka bungeni ni ya kuturudisha sisi tuliofukuzwa, na viwanja vyetu. Mimi si mtu wa kuamini wanasiasa. Yeye nilimwamini.

Akasema, huyu ndiye mwenzangu. Akapanda mzee mrefu, suti ya kijivu, fimbo nyeusi. Watu wakashangilia. Uso sikuutambua — uzee umeufinyanga upya. Nilimtambua alipoinama kutia sahihi fomu. Alitoa kalamu mfuko wa ndani akavuta kifuniko kwa meno.

Kwa meno! Kama zamani.

Bwana Wino. Hivyo ndivyo tulivyomwita sisi makarani wa ofisi ya wilaya, kwa sababu hakuandika ila kwa wino mwekundu. Mkuu wa wilaya yetu wakati ule. Familia mia mbili na kumi na mbili zilipangiwa malori enzi zake.

Binti alikuwa na miaka minne, hamjui. Alisema tu, "Wamemchukua mzee wa milimani. Hesabu nzuri hiyo, baba." Nikamwambia nasikia baridi. Akaenda kufunga dirisha.

Jumatatu, 4 Agosti

Kazini. Chumba changu kiko chini ya maktaba, hakina dirisha, kina taa nzuri. Nilishona kamusi moja iliyovunjika mgongo. Nikaishona kinyumenyume, kurasa za mwisho mwanzoni. Miaka ishirini na mbili ya kukarabati vitabu sijawahi kufanya hivyo. Nimefumua. Nikashona tena.

Jumatano, 6 Agosti

Kikao cha chama chetu cha waliofukuzwa, kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la dobi la Mwenyekiti. Mvuke unapita chini ya mlango na sote tunatoka pale tumenyooka kama tumepigwa pasi.

Mwenyekiti alikuja na karatasi ya kura ya maoni. Kabla ya kutangazwa mwenza: Daktari arobaini na tatu katika mia, Rais aliyepo arobaini na tano, wasioamua kumi na wawili. Akatueleza hao kumi na wawili ni akina nani. Wengi ni wanaume wazima wa milimani. Rais wamemchoka. Daktari wanampenda, wanasema ni mama mwenye akili, ila nchi hawawezi kumwachia mwanamke akiwa peke yake. Sasa wamepewa mzee wao akae pembeni yake. Wameachiwa mlango wa kuingilia bila kuona aibu.

Fundi Saa, rafiki yangu, akasema mgombea mwenza ni tairi la spea: hakuna anayenunua gari kwa kuliangalia. Watu wakacheka. Binti yangu akamuunga mkono, kwamba mpigakura anatazama jina la juu tu. Nikasema ni kweli, spea haimuuzi mtu gari. Lakini ukifungua buti ukakuta spea ina tundu la risasi, utauliza gari limetoka wapi.

"Mzee Maktaba leo ameamka na lake," Mwenyekiti akasema.

Basi nikasema nililotaka kusema. Mwenza haongezi kura nyingi kama magazeti yanavyodai. Kazi yake ni nyingine. Anamwonyesha mpigakura yule wa juu anamwogopa nani, na yuko tayari kumuuza nani. Mama mmoja wa viti vya nyuma akauliza kama huyu siye aliyekuwa mkuu wa wilaya enzi zile. Mwenyekiti akajibu haraka: ndiye, lakini alikuwa likizo. Kila mtu anajua alikuwa likizo. Amri ilitoka makao makuu, jeshi likaja, yeye aliporudi akakuta majivu akalia.

Likizo. Miaka thelathini na sita anaisimulia hiyo likizo. Ameiandika hadi kwenye kitabu cha maisha yake — nilikikarabati mwenyewe kilipoletwa maktaba kimelowa. Nilikikausha ukurasa kwa ukurasa.

Hapa hakuna anayejua nilifanya kazi wapi. Wanajua nilikuwa karani. Wanadhani wa shule.

Alhamisi, 7 Agosti

Binti yuko kazini tangu asubuhi. Nimeshusha ile atlasi kubwa. Nusu ya nchi zilizomo zimebadili majina. Nikalowesha gamba upande wa ndani kwa kitambaa, nikasubiri, nikainua karatasi kwa kisu butu cha mfupa. Niliibandika kwa gundi mwenyewe, mwaka wa pili wa kuwa huku.

Kurasa tano. Karatasi nyembamba ya nakala, ile inayolia ukiigusa. Kaboni imefifia lakini inasomeka.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kinakimbia.

Barua yoyote ya serikali ilikuwa na asili na nakala. Asili inakwenda, nakala inabaki kwenye faili. Nakala ya faili haitiwi sahihi. Mkubwa anaweka alama ya penseli pembeni kwamba ameiona, basi. Bwana Wino hakuweza kujizuia. Aliipenda mno sahihi yake. Alitia asili, alitia nakala, alitia hata ratiba ya zamu za chai. Karani mkuu alimkumbusha siku moja kwa upole kwamba nakala haisainiwi. Akajibiwa kuwa jina la mkubwa haliishi kwa kutumiwa.

Kwa hiyo ipo. Ukurasa wa tano, chini. Nyekundu, imepinda kulia, mkia mrefu. Na tarehe kwa mkono wake: Alhamisi ya kabla ya malori, katikati ya likizo yake. Angekuwa mkubwa mwingine yeyote ningekuwa nimetunza karatasi isiyo na mwenyewe.

Na mimi ndiye niliyechapa amri hiyo ya kuwaondoa watu. Naliandika hili mara moja. Saa nne hadi saa saba mchana, bila kunyanyuka. Majina ya wakuu wa familia, namba ya kiwanja, idadi ya watu. Ukurasa wa nne, namba 168, nikajikuta. Jina langu. Watu watatu. Nikaendelea hadi 212.

Nikaweka nakala ndani ya shati. Nikamwambia mke wangu jioni ile. Ijumaa alfajiri tulikuwa njiani na mtoto mgongoni. Malori yalikuja Jumapili.

Sikugonga mlango wa mtu mwingine.

Jumamosi, 9 Agosti

Binti ameandikisha wapigakura elfu nne mia moja na ishirini na sita. Kwa miguu, majengo yasiyo na lifti, baada ya zamu. Sheria mpya inaruhusu waliofukuzwa wapige kura ubalozini, na kila fomu ya ukoo wetu huu uliotawanyika imepita mikononi mwake.

Leo alinionyesha kiwanja chetu kwenye kompyuta, picha iliyopigwa kutoka juu kabisa. Paa moja la bati, si letu. Miti mitatu. "Huu wa katikati ulikuwepo, baba?" Nikasema sijui; miti huioni hivyo ukiwa chini yake. Akacheka. Akaniuliza nikifika nitafanya nini kwanza. Nikamjibu nitakaa.

Amejaza fomu za kurudi, yangu na yake, zipo kwenye bahasha juu ya friji. Mama yake alifia huku akisema "mwakani". Kila mwaka, mwakani.

Sikumwambia kitu.

Jumanne, 12 Agosti

Kura mpya ya maoni. Daktari arobaini na nane, Rais arobaini na nne. Wazee wa milimani wanahamia kwake. Kumbe nilikosea: mwenza ameongeza kura, na nyingi. Binti aliingia na keki. Tumeshinda, anasema. Nilikula kipande changu chote.

Kisha nikaingia chumbani nikampigia Mwandishi.

Ni mwanamke wa gazeti la kule nyumbani, namfuatilia miaka mingi, anaandika vizuri, hapambi. Nilimwambia nina nini. Akaniomba nimsomee mistari miwili. Nikamsomea. Akaomba kuiona. Nikapiga picha ukurasa wa pili hadi wa tano nikamtumia. Nikasikia mtu anaburuta kiti ofisini kwao.

Akauliza wa kwanza uko wapi.

Nikasema ulipotea.

"Mzee wangu, huo ndio wenye namba ya kumbukumbu na muhuri wa masjala. Bila huo watasema tumechora sahihi jana. Kesho yake kura zake zitapanda, atakuwa mzee aliyeonewa." Akasema atasubiri. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeamini kwamba umepotea.

Hakukosea. Upo hapa, chini ya daftari hili. Juu kulia: Kumb. Na., kisha herufi tatu za aliyetoa barua, mkwaju, ule mstari wa mshazari, kisha herufi tatu ndogo za aliyechapa. Ndio ulikuwa utaratibu. Lawama ya makosa ya chapa ijulikane iende kwa nani. Vidole vilikuwa vimezoea. Siku ile pia viliandika, bila kuniuliza. Na kwa nini nifiche — nilijivunia zile herufi. Mimi ndiye niliyekuwa sikosei.

Jambo moja nijiambie bila kuzunguka. Nikisema nataka haki, najidanganya. Haki ingenitaka na mimi. Ninachotaka ni yule mzee aanguke. Aanguke watu wakitazama, aanguke kwa ajili ya sahihi yake mwenyewe aliyokatazwa kuiweka. Nataka asome kesho kwamba faili lilikuwa hai. Nimekaa na hamu hii muda mrefu kuliko nilivyokaa na mke wangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilikwenda kwa Fundi Saa. Kibanda chake ni upana wa mlango mmoja, yeye ndani, mteja nje. Alikuwa anabadilisha mkanda wa saa ya mke wa balozi fulani na kumsema vibaya. Nikamwambia afunge. Akadhani naumwa.

Kaka yake ni namba 97, ukurasa wa tatu. Watu sita. Fundi Saa alikuwa mji mwingine wakati ule, anajifunza kazi; alipata habari kwa barua, na kaka yake hakuonekana tena. Nilitaka aone jina kabla ya kulisoma gazetini. Hayo ndiyo niliyojiambia njiani. Nadhani nilitaka pia mtu mmoja aniambie: peleka.

Nilimpa zote tano. Za nini nimletee nne? Ni rafiki yangu.

Akabana kile kioo chake jichoni, akazisoma kama anavyosoma mashine, toka pembeni. Hakuanza na jina la kaka yake. Alianza ukurasa wa kwanza, juu kulia. Akakaa hapo.

"Hizi ndogo baada ya mkwaju ni za nani?"

Nikamwambia.

Akageuza hadi ukurasa wa tatu. Akatafuta namba 97. Akaweka kidole chini yake, hakuigusa. Aliniuliza tulijua lini, nikasema Alhamisi. Malori yalikuja lini. Anajua, lakini aliuliza. Jumapili.

"Siku mbili nzima," akasema. "Kaka alikuwa na baiskeli. Siku mbili angefika mpakani, akarudi, akafika tena."

Nilikuwa na maelezo mengi, miaka yote nimeyatayarisha: kwamba ningegonga mlango mmoja habari ingefika kambi ya jeshi, mpaka ungefungwa, tungekufa sote. Maelezo mazuri. Hayakutoka.

Akavua kioo. Jicho lilikuwa na duara jekundu. Akazikunja karatasi vizuri zaidi ya nilivyozikunja mimi.

"Peleka. Na huo wa kwanza upeleke. Ukiuficha nitawasomea mimi ukumbini, herufi moja moja."

Hakuniaga. Miaka thelathini hatujawahi kuachana bila utani.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimetuma. Saa tatu asubuhi. Ukurasa wa kwanza, picha mbili, moja ya karibu.

Mwandishi akajibu kwa ujumbe: herufi hizi naweza kuziandika ni za nani? Nikajibu ndiyo, jina zima.

Jumanne, 19 Agosti

Limetoka. Ukurasa wa mbele, sahihi imekuzwa hadi ukubwa wa kiganja. Rangi imetoka vizuri. Nilinunua — hapana, halipatikani huku, nilichapisha kwenye mashine ya maktaba nakala tatu nikazitandika mezani kwangu chini ya taa. Furaha niliyoipata siionei aibu. Nilicheka peke yangu. Msaidizi wa orofa ya juu alishuka kuangalia kuna nini.

Nyumbani binti alikuwa amekaa na koti mwilini. Amesoma yote. Habari za sahihi ziko juu, habari za mchapaji ziko chini, aya ya tisa. Yeye alianza kunisomea aya ya tisa.

Akauliza kama mama alijua kwamba nilichapa mimi. Nikasema alijua kwamba nimeiona. Akasema hilo si swali lake. Nikasema hapana, hakujua.

Akavua koti, akalitundika, akalivaa tena akatoka.

Jumatano, 20 Agosti

Bwana Wino amejibu. Mkutano wa hadhara, mji mdogo wa milimani, mvua inanyesha na watu hawaondoki. Nilitarajia akane. Nilimtaka akane! Nilikuwa na nyaraka za kumjibu, sahihi nyingine mbili za ratiba ya chai, nilizotoka nazo siku ile.

Hakukana. Alilinyanyua gazeti juu. Likizo hakuitaja kabisa, kana kwamba haijawahi kuwepo.

"Mimi nilitia sahihi mara moja. Yuko karani aliyeandika majina mia mbili na kumi na mbili, moja moja, na hakukosea hata herufi. Leo yuko ughaibuni, ananihukumu. Muulizeni yeye alimwambia nani."

Akataja jina langu. La kwanza, la baba, la babu. Miaka thelathini na sita halijatajwa kwenye kipaza sauti nchini kwetu. Watu wakapiga kelele za kumpenda. Kijana mmoja akahojiwa, akasema huyu ni mzee wa kazi, haogopi alichokifanya, watu kama hawa wameisha. Kijana huyo hakuwa amezaliwa wakati ule.

Kwenye simu yangu, jumbe arobaini na moja kutoka kwa watu wa chama. Mama wa viti vya nyuma ameandika namba tu: 31. Nikaangalia orodha. Watu wanane.

Ijumaa, 22 Agosti

Takwimu. Mwenyekiti hakunitumia, nilizitafuta mwenyewe.

Milimani amepanda! Mzee aliyekiri anawavutia kuliko mzee aliyekuwa likizo. Lakini mijini Daktari ameporomoka, hasa kwa wanawake wa chini ya miaka arobaini. Hawahamii kwa Rais. Wanasema watakaa nyumbani. Mmoja wao, muuza vipodozi, aliulizwa kwa nini. Akasema hana ugomvi na Daktari, ila kila akitazama bango anaona kidole cha yule mzee kwenye bega lake. Jumla: Daktari arobaini na nne, Rais arobaini na tano.

Kwa hiyo tairi la spea limeliegesha gari. Nililisema kikaoni kama mzaha na sasa nalisoma kwa tarakimu. Mwenza akiwa msafi, hupati kitu wala hupotezi. Akiwa na jambo, anagawa watu wako mara mbili: wanaompenda kwa jambo hilohilo, na wanaoona haya kusimama naye. Wa kwanza wanapiga kelele. Wa pili wananyamaza, na uchaguzi unapotelea kwenye ule unyamavu wao.

Tume ya uchaguzi inaruhusu kubadili mwenza hadi Jumanne saa sita mchana. Baada ya hapo karatasi zinachapwa.

Siku nne. Simu ya mkononi ya Bwana Wino naomba iwe inalia sasa hivi. Naomba kila anayempigia awe anaanza na "samahani mzee".

Binti anarudi kulala tu. Tunapishana koridoni. Ananisalimu, shikamoo yake iko palepale. Inauma kuliko angeiacha.

Jumapili, 24 Agosti

Miaka thelathini na sita, siku arobaini na moja.

Daktari amepiga mwenyewe. Saa kumi alasiri. Binti ndiye aliyeshika simu, akanipa, akabaki amesimama mlangoni.

Aliniita mzee wangu. Alisema hajalala vizuri, akanipa pole kwa ajili ya mke wangu — anakumbuka jina lake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akanipa hali ilivyo kama wanavyotoa majibu ya vipimo. Akimwondoa mwenza, milima yote inakwenda kwa Rais kwa hasira. Akimbakiza hivihivi, miji inalala nyumbani. Njia zote mbili anashindwa, na sheria ya kurudi inashindwa naye. Imebaki moja, nayo ni mimi. Niandike taarifa fupi. Nisikane karatasi, niseme tu kwamba sahihi ile siwezi kuapa ni ya mkono wake, kwa kuwa wino mwekundu ulikuwa mezani na makarani waliutumia. Wale wa mijini hawahitaji zaidi ya hapo. Wanahitaji shaka kidogo ya kutokea nayo nyumbani siku ya kura.

Nikamuuliza kama alikuwa anajua siku aliyomchagua.

Akasema alijua kwamba likizo ile ilikuwa na maswali.

"Sihitaji kumpenda, mzee wangu. Nahitaji wilaya kumi na saba za milimani."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nimesoma historia za kutosha kujua kwamba wema wengi duniani umepitia mlango wa namna hiyo. Akamalizia kwamba nikiandika, jina langu litakuwa la kwanza kwenye orodha ya wanaorudi, na swali la mchapaji halitaulizwa na mtu yeyote wa serikali yake.

Orodha. Alitumia neno hilo bila kulisikia.

Nilisema nitafikiri. Nikamrudishia binti simu.

Jumatatu, 25 Agosti

Taarifa imekuja asubuhi kwa barua pepe. Nusu ukurasa. Binti ameichapisha, ameiweka mezani, kalamu juu yake. Ameomba ruhusa kazini. Ameketi upande wa pili wa meza ninapoandika haya, na anajua kalamu yangu haiko kwenye taarifa ile.

Tumezungumza tangu saa moja. Hajapaza sauti hata mara moja. Amesema watu elfu nne mia moja na ishirini na sita hawana kosa kwamba mimi nina chuki. Amesema mzee yule ana miaka themanini na mmoja, atakufa karibuni hata nisipomgusa. Wao watakuwa bado kwenye majengo yasiyo na lifti. Amesema, "Mwaka ule uliwaacha watu kwa sababu ya woga, baba. Safari hii unawaacha kwa nini?"

Hilo ndilo swali, na nimekaa nalo saa nzima. Nataka nilijibu humu kama silijibu kwake.

Nikitia sahihi, yule mzee anapanda jukwaani kuapishwa kwa wino wake. Ninamsafisha mimi, mtu pekee duniani mwenye karatasi. Itakuwa mara ya pili nimemfanyia kazi bila kosa. Siwezi. Naijua bei na nani atailipa, nimeipitia fomu kwa fomu, na bado siwezi. Pengine ningekuwa mtu mwema ningeweza. Ningekuwa mtu mwema ningegonga milango siku ile.

Mlango uligongwa saa tano. Fundi Saa. Hajakanyaga hapa tangu Ijumaa ile. Amekaa kwenye kiti cha karibu na friji bila kukaribishwa, kofia kwenye goti. Binti amempa taarifa aisome. Ameisoma mara mbili, bila kioo. Akaniuliza nimeamua nini. Nikamwambia. Hakutikisa kichwa wala hakukiinua. Akasema wilaya nzima inalijua jina langu sasa. Akasema wapo watu wa namba zile wamebaki, na wana watoto. Sikuelewa kama ananionya au ananipa habari. Sidhani kama yeye mwenyewe anajua.

Simu ya binti inalia tena juu ya meza. Ni namba ya Daktari. Binti ananitazama, haipokei, haikati. Kesho saa sita mchana wanafunga. Anaweza kumtupa yule mzee, anaweza kumbakiza. Yote sasa yako kwake, na mimi nitajua kwa redio kama watu wengine. Naomba amtupe. Naomba amtupe asubuhi na mapema, mbele ya kamera, na mvua isinyeshe.

Bahasha iko juu ya friji. Nimemwambia binti atoe fomu yake abaki nayo, aipeleke, aende, mti wa katikati akauone kwa chini. Yangu aichane. Hata Daktari akishinda, hata sheria ikipita, hata Bwana Wino akiwa hayupo. Sitarudi.